Uzi wa Chini

Siku tatu nimeulaumu uzi wa chini.
Siku tatu, na bisibisi ndogo kama ukucha wa kuku,
nakaza skrubu ya kikopo cha bobini,
nalegeza, nakaza,
robo, nusu ya robo,
na bado sketi za shule zinatoka na ndevu:
vitanzi, vitanzi upande wa ndani,
kama zimeshonwa na mtu anayesinzia.

Ni Julai, Kibaigwa.
Upepo unapitia sokoni kwanza, kwenye mahindi,
na kila chembe ya pumba inayoruka mizanini
inaijua njia ya kuja barazani kwangu.
Malori yanapakia. Makuli wanahesabu kwa sauti.
Shule zinafunguliwa Jumatatu.

Usiku huu nimeamua kuifungua.
Nimechomoa sindano, nimeinua mguu,
nimetoa bamba. Skrubu zake mbili nimeziweka kwenye kizibo cha soda,
zisije zikaenda zilikokwenda zenzake.
Simu nimeibana kidevuni, tochi yake inatazama ndani.

Na ndani, chini ya meno,
kuna godoro zima.
Si uchafu. Ni mwaka.
Nauvuta kwa kibanio cha nyusi, tabaka kwa tabaka:
juu kabisa, bluu ya sketi hizi;
kisha njano ya harusi ya kina Chilewa,
waliokuja watu kumi na sita na vipimo vya watu kumi na wanne;
kisha weupe mtupu, mashuka ya zahanati,
arobaini, ambayo mpaka leo hayajalipwa;
na chini kabisa, kimeshikana na mafuta ya zamani,
kitu kisicho na rangi,
kigumu kama ukoko wa ugali wa uwele.

Nimepiga brashi. Nimepuliza, vumbi likanirudia machoni.
Tone la mafuta, moja.
La pili huishia kwenye nguo ya mtu.

Kikopo nikakining'iniza kwa uzi wake,
nikakishtua kidogo.
Kikashuka kidole kimoja, kikasimama
kama buibui aliyekumbuka kitu.
Ndivyo inavyotakiwa.
Nikakishtua tena. Kikasimama tena.
Uzi wa chini ulikuwa mzima.
Uzi wa chini ulikuwa mzima tangu Jumanne.

Hapo ndipo nilipomkumbuka marehemu fundi Masaka, kule Mpwapwa,
aliyefundisha huku pini zimejaa mdomoni,
ndiyo maana nusu ya elimu yangu niliisikia vibaya:
*vitanzi vikija chini, tafuta juu.*

Juu, basi.
Vile visahani viwili vinavyobana uzi
nimevipitishia ukingo wa kanga kuukuu,
ukatoka na kiuzi cha kijani,
kifupi kama kope.
Kijani cha majoho ya kwaya.
Niliyashona mimi, mwezi wa nne, peke yangu.
Tangu siku hiyo visahani vilikuwa havigusani;
uzi ukipita tu,
kama mbuzi kwenye ua lenye pengo.

Jana nimemfukuza Yuniki.
Nilimwambia mguu wake mzito, mkono wake wa jembe,
nikamrushia sketi mbele ya wateja.
Hakujibu. Aliviringisha tepu kwenye vidole viwili,
akaiacha mezani,
ilhali tepu ilikuwa yake.

Nimetunga uzi upya. Namba nne.
Kitambaa chakavu, mikunjo miwili.
Juu sawa, chini sawa,
fundo limejificha katikati ya nguo
pasipo kuonekana nani anamvuta nani.

Saa tano usiku. Nampigia, hapatikani.
Kwao ni ndani, ng'ambo ya Mkoka,
simu huchajiwa dukani kwa zamu.
Bodaboda nimeshaongea naye, saa kumi na mbili asubuhi.
Sketi kumi na moja nimezifumua zote.
Tepu iko mfukoni.
Kile kiuzi cha kijani nimekibana kwa pini kifuani,
nisije nikafika mlangoni kwao
nikaanza kuusingizia upepo.